Kompyuta Yataka Mwalimu Aliye Macho

Siku ya kufunga shule ni siku ya furaha kwa watoto, lakini kwa wazazi ni siku ya mashaka. Mzazi huipokea karatasi ya maendeleo ya mwanawe kama mtu apokeaye hukumu. Akisoma kwamba mtoto amekuwa wa tatu, hushukuru. Akisoma kwamba amekuwa wa hamsini, huanza kujiuliza kama fedha ya madaftari na nauli haikupotea bure. Ni wachache waulizao nafasi ile ilipatikanaje. Zamani ilipatikana kwa kalamu ya mwalimu na mwanga wa taa ya chemli. Leo, katika shule nyingi, yapatikana kwa kompyuta, na kwa kuwa yatoka katika mashine, watu huiamini bila ya swali.

Sisi tumeiona, katika shule moja ambayo hatuna haja ya kuitaja, orodha ya darasa iliyopigwa chapa vizuri, safi na ya kupendeza macho, ambamo mtoto aliyeandikwa mwisho kabisa kwa mpangilio wa alfabeti alikuwa ndiye wa kwanza kwa alama, na watatu waliomtangulia katika orodha hakuna aliyezidi nafasi ya nne. Mwalimu aliyeitengeneza hakuwa mvivu wala mla rushwa. Alikesha akiifanya. Aliyegundua kosa alikuwa mzazi mmoja, mchukuzi wa mizigo sokoni, ambaye alijumlisha kwa kidole alama za mwanawe na alama za mtoto wa jirani, akaona kwamba mwenye alama nyingi amewekwa nyuma ya mwenye alama chache. Alipouliza, alijibiwa kwamba kompyuta haikosei.

Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo. Kompyuta ni mtumishi mwepesi kuliko watumishi wote, lakini ni mtumishi asiyefikiri. Ukimwamuru jema, hulifanya. Ukimwamuru upuuzi, huufanya kwa mwendo ule ule na kwa uso ule ule usioona haya. Kwa hiyo, shule iliyopata kompyuta bila ya kupata mwalimu aliye macho imejipatia njia ya haraka zaidi ya kukosea.

Tanzania haikuanza jana kujifunza somo hili. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ya kibali, baada ya kuonekana kwamba mitambo hiyo ilikuwa ikila fedha bila ya kuleta faida iliyotarajiwa. Marufuku hiyo imekwisha ondolewa zamani. Mwaka 2007 ilitolewa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Na baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa walimu. Vyombo, basi, vinazidi kufika. Linalobaki ni mkono wa kuvitumia, na mkono huo haufunzwi kwa hotuba. Wafunzwa kwa mazoea madogo ya kila siku, na machache ya hayo twapenda kuyaeleza hapa.

ALAMA ZA WATOTO

Twaanza na kosa lile la orodha, kwa maana ni kosa la watu wengi. Mwalimu wa watoto sitini huandika majina yao katika jedwali la Excel, na jumla ya alama za kila mmoja huwa katika safu ya K, tangu mstari wa 2 hata mstari wa 61. Ili kupata nafasi ya mtoto wa kwanza huandika kanuni hii: =RANK(K2,K2:K61). Jibu ni sahihi. Kisha huivuta kanuni ile hadi chini ili iwatumikie watoto wote, na hapo ndipo maafa huanza. Kompyuta, kwa utii wake, husogeza kila kitu mstari mmoja chini. Mtoto wa pili hulinganishwa na wale walio chini yake tu, wa tatu vivyo hivyo, hata yule wa mwisho hubaki akishindana na nafsi yake peke yake, naye hana budi kuwa wa kwanza. Dawa yake ni alama ya dola, nayo huandikwa hivi: =RANK(K2,$K$2:$K$61). Dola hizo ni kama vigingi. Huizuia ile safu ya kulinganishia isihame. Alama nne ndogo kama hizo zatosha kumrudishia mtoto haki yake.

Kosa la pili ni la kupanga. Mwalimu hutaka mwenye alama nyingi awe juu. Hutia rangi safu ya alama peke yake, kisha huamuru ipangwe. Alama zikahama, majina yakabaki palepale, na kila mtoto akavishwa kanzu ya mwenziwe. Excel yenyewe huonya kabla ya kufanya hivyo, lakini mwenye haraka hubonyeza bila ya kusoma. Yafaa kuteua jedwali zima, majina pamoja na alama, ndipo lipangwe.

La tatu ni la mtoto aliyekosa mtihani. Kisanduku kitupu na kisanduku chenye sifuri si kitu kimoja. Kanuni ya AVERAGE hukiruka kisanduku kitupu, lakini sifuri huihesabu. Mtoto aliyelazwa hospitali siku ya mtihani, akiandikiwa sifuri, wastani wake huporomoka kana kwamba alikuja akashindwa. Ni juu ya mwalimu kuamua lipi ni la haki, kisha aandike kwa makusudi.

Na juu ya yote hayo, twashauri desturi moja: orodha isitoke mlangoni mpaka watoto watatu, mmoja wa juu, mmoja wa kati na mmoja wa chini, wamejumlishiwa alama kwa kalamu na karatasi. Ni kazi ya dakika tano. Mchukuzi wa sokoni aliifanya kwa kidole.

KUHIFADHI KAZI

Umeme hukatika, hapana haja ya kumfundisha Mtanzania jambo hilo. Lakini ni walimu wangapi waliopoteza kazi ya usiku kucha kwa sababu hiyo? Vidole viwili, kimoja juu ya Ctrl na kingine juu ya S, huihifadhi kazi yote kwa nukta moja. Mwalimu na afanye hivyo kila amalizapo aya au mstari wa alama, kama mshonaji akazavyo fundo kabla ya kukata uzi. Na akifuta jambo kwa bahati mbaya, asipige kelele wala asiizime mashine. Ctrl pamoja na Z hulirudisha.

Tena jina la faili liwe jina la kweli. Faili liitwalo “mtihani mpya wa mwisho kabisa” baada ya mwaka mmoja halijulikani ni la somo gani wala la darasa gani. Faili liitwalo “Hisabati Kidato cha Pili Machi 2025” hata mwalimu mgeni hulipata siku yake ya kwanza kazini.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kazi iliyowekwa mahali pamoja tu bado iko hatarini. Yafaa nakala ziwe tatu: moja katika kompyuta yenyewe, ya pili katika flashi, na ya tatu mbali na shule, ama katika hifadhi ya mtandaoni ama katika kifaa kilichowekwa pengine, ili mwizi au moto usizipate zote kwa siku moja.

FLASHI NA STESHENARI

Hapa twagusa jambo zito. Shule isiyo na printa hupeleka mitihani yake steshenari, na mara nyingine hata kuipiga chapa hupigiwa huko. Wenye maduka hayo wengi ni watu waaminifu, lakini uaminifu wa mtu si kufuli. Mtihani ulionakiliwa katika kompyuta ya duka hubaki humo. Na hata ukifutwa, faili lililofutwa laweza kurudishwa na mtu mwenye programu ya kazi hiyo. Mwalimu na auandike mtihani wake mwenyewe, auwekee neno la siri, aufungue kutoka katika flashi mbele ya macho yake, asimame hapo hata karatasi ya mwisho itoke, naye aondoke na zilizoharibika pia.

Flashi hiyo hiyo hurudi shuleni na wageni. Isichomekwe na kufunguliwa mara moja. Ichunguzwe kwanza kwa programu ya kuzuia virusi. Na ikitokea mafaili yote yamegeuka kuwa vijialama visivyofunguka, mwalimu asiwe na haraka ya kuifuta flashi yote, kwa sababu mara nyingi virusi vya namna hiyo huwa vimeyaficha mafaili tu. Mjuzi akiiamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, huyaona yamekaa salama.

Mwalimu aondokapo mezani, hata kama ni kwa kuitikia wito wa mkuu wa shule, na abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L, mashine ijifunge. Vilevile alama za watoto si habari za kutangazwa katika makundi ya WhatsApp majina yakiwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Lakini hata kama isingalikuwapo, hapana mzazi apendaye aibu ya mwanawe isomwe na mtaa mzima.

MBELE YA DARASA

Kuna mwalimu ambaye, akipata projekta, huandika kitabu kizima ukutani, kisha huwapa watoto mgongo na kuanza kukisoma. Huyo hakufundisha, amebadilisha ubao tu. Maandishi ya ukutani na yawe machache na makubwa. Kabla watoto hawajaingia, mwalimu asimame nyuma ya dawati la mwisho. Asichoweza kukisoma yeye, mtoto mwenye macho dhaifu hatakisoma kamwe. Katika PowerPoint kitufe cha F5 huanzisha maonyesho, na herufi B huugeuza ukuta kuwa mweusi mpaka ibonyezwe tena. Herufi hiyo moja ina faida kubwa: macho ya watoto hurudi kwa mwalimu wakati wa kueleza na wakati wa kuuliza.

Kompyuta moja kwa watoto themanini si sababu ya kukata tamaa. Mwalimu aulize kwanza: mbegu hii ikikosa mwanga itaotaje? Kila mtoto aandike jibu lake katika daftari, wabishane wawili wawili, ndipo kompyuta ionyeshe picha za mmea wenyewe. Hapo watoto themanini wamefanya kazi, na mashine imefanya kazi ya shahidi. Na anayeshika kipanya abadilishwe kila mara, asiwe daima yule mvulana mjanja wa dawati la mbele; wasichana nao wana vidole.

Mtandao usiposhika darasani, somo lisife. Picha na filamu zipakuliwe siku moja kabla. Programu iitwayo Kiwix huiwezesha shule kuweka Wikipedia nzima, hata ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, ndani ya kompyuta na kuisoma bila ya mtandao wowote. LibreOffice hufanya kazi za kuandika na za majedwali bila ya malipo, na ni bora kuliko programu ya wizi iliyojaa virusi. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Lakini mwalimu mwenye busara huingia darasani na chaki mfukoni.

Siku hizi zimekuja pia programu za akili mnemba, ambazo mwalimu akizitaka maswali kumi ya historia humpa mara moja. Zaweza kumpunguzia kazi, hatukatai. Ila zina tabia ya kusema uongo kwa sauti ya msomi: mwaka usio wenyewe, mtu asiyekuwapo, jibu lisilo sahihi. Kila zitoalo na lipimwe kwa kitabu kabla ya kumfikia mtoto. Na majina na alama za wanafunzi zisitiwe humo kamwe.

WAJIBU WETU SOTE

Tumesema mengi juu ya walimu, lakini haitakuwa haki kuwatwika wao mzigo wote. Tumeona kompyuta za shule zilizofunikwa kwa kitambaa cha maua katika ofisi, ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja, kwa hofu kwamba zikiguswa zitaharibika. Kompyuta isiyoguswa imekwisha haribika tayari, maana yazeeka bila ya kumnufaisha mtu. Kamati za shule na ziulize: mashine zetu ziko wapi, ziliwashwa lini, na ni walimu wangapi wazijuao? Mwalimu mmoja ajuaye alama ya dola na awafundishe wenziwe Jumamosi moja. Baada ya muhula mmoja, shule nzima itakuwa imejua.

Nanyi wafanyakazi wa maofisi, mabenki na viwanda, ambao majedwali haya ni kazi yenu ya kila siku, mwashindwaje kuitembelea shule ya kata yenu saa mbili kwa mwezi? Kidole kimoja hakivunji chawa. Na wewe mzazi, usiogope kuuliza kwa heshima nafasi ya mwanao imepatikanaje. Yule mchukuzi wa sokoni hakuwa ameshika kompyuta maisha yake yote, lakini swali lake lilifanya orodha ya watoto sitini itengenezwe upya. Mwanawe, tuliambiwa, alipata nafasi yake ya haki.