Utangulizi: Maji Kwanza, Taka Baadaye

Kiswahili kiliwatangulia wahandisi katika jambo hili. Kile kinachotoka bafuni, jikoni na chooni kilikiita majitaka: maji yakatajwa kwanza, taka zikafuata. Hesabu inakubaliana na jina. Katika lita 1,000 za majitaka ya majumbani, karibu lita 999 ni maji. Lita moja iliyobaki ndiyo yenye kinyesi, mabaki ya chakula, mafuta, sabuni, chumvi, na vijidudu ambavyo baadhi yake hutuletea kipindupindu na homa ya matumbo. Elimu ninayokukaribisha ni elimu ya hiyo lita moja: jinsi ya kuitenga kwa kutumia jua, mimea, bakteria na mteremko wa ardhi, kisha kuyarudisha yale maji mengine shambani.

Nimemwandikia mwanafunzi, na zaidi yake nimemwandikia diwani, bwana afya, matroni wa shule ya bweni, mjumbe wa kamati ya maji na mkulima wa bondeni ambaye tayari anamwagilia kwa maji ya mfereji asioujua unakotoka. Kemia ninayoitumia ni ndogo. Nitakachokudai zaidi ni uvumilivu wa kutazama.

Aliyewahi kukaa mabondeni Dar es Salaam wakati wa masika analijua neno kutapisha. Shimo la choo likijaa, mwenye nyumba hutoboa au huchimba pembeni, mvua inaponyesha uchafu unatoka na kwenda na mafuriko. Anayetapisha hana nia mbaya kwa jirani yake. Gari la kunyonya halipiti kwenye uchochoro wake, na hata lingepita bei yake ingemzidi. Ninaanza na mtu huyu kwa sababu taaluma yetu ikimsahau inabaki kuwa michoro mizuri ya watu wenye mabomba.

Mbinu kongwe na imara kwa nchi zenye joto ni mabwawa yanayofuatana. La kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5. Humo oksijeni haipo kabisa. Tope linatuama, na bakteria wasioihitaji hulila polepole huku wakitoa gesi. La pili lina kina cha mita 1 hadi 2, na hapo ndipo penye ushirika ambao sijachoka kuutazama. Mwani hupokea mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Bakteria huivuta, hula uchafu, na kutoa kaboni dioksidi, ambayo mwani huichukua tena. Jua linapokuwa kali mchana, mwani hufyonza gesi hiyo kwa kasi kiasi kwamba maji hupoteza tindikali yake na kipimo cha pH hupanda kupita 9, hali ambayo vijidudu vingi vya tumboni haviivumilii. Mabwawa ya mwisho, yenye kina kifupi, humalizia kazi hiyo. Mayai ya minyoo, ambayo klorini haiyawezi, huzama yenyewe kwa uzito wake yakipewa siku za kutosha. Duncan Mara wa Chuo Kikuu cha Leeds, ambaye kitabu chake kuhusu majitaka katika nchi za joto kilitoka mwaka 1976, alitumia maisha yake ya kazi kuwaeleza wahandisi kwamba joto letu ni mtaji.

Njia ya pili ni ardhioevu ya kutengenezwa, ambayo mafundi wengi huiita kitalu cha matete. Huchimbwa handaki la kina kama sentimita 60, likatandikwa kitu kisichopitisha maji, likajazwa kokoto na kupandwa matete au mimea mingine ya majini. Majitaka yaliyokwisha kutua kwenye karo hupita chini ya uso wa kokoto, yasionekane. Wazo hili lilianza kupimwa kitaalamu Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa majaribio ya mtaalamu wa mimea Käthe Seidel. Huku kwetu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Jamidu Katima na Tolly Mbwette, walilichunguza kwa mimea na kokoto za hapa hapa, kando ya mabwawa ya chuo chenyewe.

Kuna kosa moja ningependa uliache mlangoni. Watu husema matete yananyonya uchafu. Yananyonya kidogo. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na bakteria waliojishika kwenye mawe na mizizi. Matete huwafungulia njia, huwapelekea oksijeni kidogo na kuzuia kitalu kisishikane. Kwa hiyo anayekata matete akidhani ameua mtambo amekosea, na anayepanda matete mapya juu ya kokoto zilizoziba akidhani ameufufua amekosea zaidi.

Ardhioevu za asili nazo zinatufundisha, hasa zinapoumia. Kampala, majitaka ya mji yalipita kwa miaka mingi katika bonde la Nakivubo kabla ya kufika ghuba ya Ziwa Victoria, karibu na pale mji unapovuta maji yake ya kunywa. Frank Kansiime wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walionyesha jinsi mafunjo ya bonde lile yanavyosafisha. Lakini watu walilima magimbi, wakajenga, mifereji ikachimbwa, na maji yakapata njia ya mkato. Maji yaliyopata njia ya mkato hayasafishwi hata kama bonde limejaa mafunjo pande zote mbili.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike kitabu hiki.

Pampu ikiharibika, mtaa mzima unasikia kimya chake. Bwawa na kitalu cha matete haviharibiki hivyo. Huchoka polepole, bila kelele, mwaka mzima au miwili, huku kila anayepita akiona majani mabichi na kuamini mambo ni mazuri. Mtambo usio na kengele unamhitaji mtu aliye kengele, na mtu huyo lazima awe anaishi hapo.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka mingi iliyopita nilisimamia ujenzi wa kitalu cha matete katika shule moja ya bweni. Tuliwafundisha mkuu wa shule na fundi, tukawaachia mwongozo wenye michoro. Wote wawili walihamishwa. Niliporudi, harufu ilinipokea kabla ya mlinzi: kokoto zimeziba, maji yanatembea juu, viluwiluwi vya mbu vinacheza. Nikaanza kupima hiki na kile. Mama mmoja msaidizi wa jikoni alisimama akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hayo maji yalianza kupanda juu tangu lile karo la mafuta lilipoacha kuzolewa." Alijua sababu, alijua na muhula jambo hilo lilipotokea. Hakuna aliyewahi kumwuliza, na mimi ndiye wa kwanza kati ya wasiomwuliza.

Maneno kujenga uwezo yamechakaa kwa kutumika kwenye semina. Mtu huitwa mjini, hupewa daftari na posho, husikiliza siku mbili, hurudi. Ninapoyatumia maneno hayo humu nina maana nyingine: kwamba yule mama awe na jina kwenye orodha ya wahusika, awe na koleo, glovu na mabuti ya mpira, awe na malipo, na neno lake liweze kusimamisha jambo. Elimu anayohitaji inafundishika papo hapo penye mtambo. Bwawa la pili likiwa na afya ni la kijani. Likizidiwa na mzigo hugeuka waridi au zambarau kwa sababu ya aina fulani ya bakteria, na mtu asiyejua kusoma anaweza kuliona hilo akiwa ng'ambo ya barabara. Kingo zikiachwa ziote nyasi hadi majini, mbu wamepata nyumba. Tope la bwawa la kwanza likifika theluthi ya kina, wakati wa kulitoa umefika, na fedha ya kulitoa ilipaswa kuanza kuwekwa siku bwawa lilipofunguliwa. Hapa ndipo miradi mingi hufia. Wafadhili hupenda kukata utepe, tope haliwavutii.

Ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaweza kubeba kazi hii upo, na mkubwa kuliko wote ninaoufahamu uko India. Mashariki ya mji wa Kolkata kuna eneo la hekta zipatazo 12,500 lenye mabwawa ya samaki, mashamba ya mpunga na bustani za mboga, ambalo hupokea majitaka ya mji. Mhandisi Dhrubajyoti Ghosh alipoanza kufuatilia majitaka hayo yanakwenda wapi, alikuta wavuvi na wakulima waliokuwa wakiyasafisha kwa vizazi kadhaa, bila kitabu. Wanajua kiasi cha majitaka cha kufungulia na siku za kungoja kabla ya kupandikiza samaki, kwa kutazama rangi ya maji. Magugu maji, ambayo sisi tunayapiga vita ziwani, wao huyapanda kandokando ili mawimbi yasile kingo. Ghosh alilitetea eneo hilo dhidi ya wajenzi hadi likaingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002. Kinachonigusa katika habari zake ni kwamba, akiwa mhandisi wa serikali, alikubali kuwa mwanafunzi wa wavuvi.

Kutumia tena maji ndiko kunakoleta ulinzi wa kweli wa mtambo. Mkulima anayetegemea maji yanayotoka bwawa la mwisho atakuwa wa kwanza kulalamika yakibadilika. Moshi, maji yanayotoka kwenye mabwawa ya mji yamekuwa yakimwagilia mpunga upande wa Mabogini. Yana naitrojeni na fosforasi, kwa hiyo mkulima hupunguza mbolea ya dukani. Naitrojeni ikizidi, mpunga hurefuka kwa majani na kulala kabla ya kuvunwa. Mkulima huyo anasimama ndani ya maji, na akiwa pekupeku minyoo ya safura humwingia kupitia ngozi ya miguu. Afya yake yeye, kabla hata ya mlaji, iwe hesabu yetu ya kwanza.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi: bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Mwongozo wa mwaka 2006 ulibadili mtazamo. Badala ya kuubebesha mtambo mzigo wote, ulitaka vizuizi kadhaa vifuatane: kusafisha kadiri inavyowezekana, kuchagua zao, kumwagilia kwa matone chini ya majani, kuacha kumwagilia siku kadhaa kabla ya mavuno, kuosha, kupika. Kila kizuizi kina mwenyewe, na wengi wao si wahandisi. Ninaupenda mwongozo huo kwa sababu hiyo.

Kuhusu najisi nimeulizwa mara nyingi, hasa pwani, na swali ni la haki. Mwaka 1978 baraza la maulamaa wakuu wa Saudia lilitoa uamuzi kwamba majitaka yaliyosafishwa hadi kurudi katika hali yake, bila kubadilika rangi, ladha wala harufu kwa sababu ya najisi, yanaweza kutumika. Usiupeleke uamuzi huo mtaani kama rungu. Mpelekee imamu wa pale mapema, kabla mchoro haujakamilika, ukae naye.

Tanzania, sheria ya maji ya mwaka 2019 imevipa vyombo vya watumia maji vya jamii nafasi ya kusimamia huduma vijijini, usafi wa mazingira ukiwemo. Vingi vimezoea kuhesabu ndoo zinazotoka kisimani. Bado havijazoea kuuliza zinaishia wapi.

Sura ya kwanza inaanza na kipimo ambacho huhitaji ruhusa ya mtu kukifanya. Tafuta bomba linalotoa majitaka shuleni kwako, sokoni au zahanati. Vaa glovu na mabuti. Kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde kwa simu. Ikijaa kwa sekunde 40, zinapita lita 1,800 kwa saa. Andika saa, siku, na kama mvua ilinyesha. Rudi alfajiri wakati watu wanaoga, rudi mchana, rudi usiku wa manane, na ukienda mchukue anayefagia pale kila siku. Yeye ndiye ashike kalamu.