Ndege ya Saa Moja: Je, Msafiri wa Nachingwea na Ruangwa Anafupisha Swala?



Ndugu yetu wa Unguja ameuliza: anapanda ndege hadi Dar es Salaam, kisha Mtwara, na jioni yuko Nachingwea kwa gari. Baadhi ya siku huenda Ruangwa kwa wakwe zake na kurudi. Ameambiwa kuwa ndege imeondoa mashaka, basi rukhsa ya kufupisha nayo imeondoka.

Si hivyo. Kinachohesabiwa ni masafa, si saa. Imam Nawawi katika Minhaj ameiweka bahari sawa na nchi kavu, na mwenye kuyakata masafa yake kwa saa moja tu anafupisha. Ndege ni hivyo hivyo.

Kwa madhehebu yetu ya Shafii kipimo ni farsakh 16, ambazo wanazuoni wa leo wanazikadiria kilomita 81 hadi 89. Unguja na Dar hazifiki hapo kwa njia ya anga, lakini hilo halimdhuru, kwani anakokusudia ni Nachingwea na kunazidi kilomita 400.

Wengi hukosea uwanja wa ndege. Uwanja wetu wa Unguja umo ndani ya majengo ya mji. Mtu wa Mjini akiswali pale kabla ya kuruka, anaswali Adhuhuri rakaa nne wala hakusanyi kwa sababu ya safari. Mtu wa Nungwi au Makunduchi keshatoka kijijini kwake, huyo anafupisha. Wa Mjini akichelea wakati, na anuie ndani ya wakati wa Adhuhuri kuichelewesha, aikusanye na Alasiri safarini.

Sasa Nachingwea. (Zamani ilikuwa na reli ya kutoka Mtwara, iliyojengwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ikang'olewa miaka ya 1960.) Akinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, safari yake imekatika tangu anapofika: anatimiza Swala, na Ramadhani anafunga. Akiwa katika hali hiyo, kwenda Ruangwa na kurudi hakumfanyi msafiri, maana wilaya hizi ni jirani na masafa hayafiki kilomita 80. Ama akiwa anapita, kalala Nachingwea usiku mmoja na Ruangwa miwili, yeye bado ni msafiri kote kuwili. Lakini akiswali nyuma ya imamu mwenyeji, atimize nne pamoja naye.

Ndugu zetu Ibadhi wanahesabu farsakh mbili, kama kilomita 12, na kwao mgeni huyu anafupisha hata Ruangwa. Kwa hiyo mkwe akimwona shemeji yake wa Kiibadhi akitoa salamu baada ya rakaa mbili, asidhani kasahau.

Siku ya kurejea Unguja, anaanza kufupisha akishayapita majengo ya Nachingwea.

Wallahu a'lam.