Msimcheke anayeuliza "kwa nini": maziwa ya Mpemba, zebaki na ngitili zetu

Leo naongelea kitu ambacho wengi wetu tulikiacha darasa la tatu: kuuliza swali la kitoto bila kuona aibu.

Mtoto wa miaka minne hana noma. Anauliza mwezi unatufuata kwa nini, moshi unaenda wapi, bibi alikuwa nani kabla hajawa bibi. Anachekwa, anauliza tena. Akifika shule anachekwa na darasa zima, ananyamaza. Akimaliza kidato cha nne ameshakuwa bingwa wa kutikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Na jamani, mtu wa kutikisa kichwa ndiye huyo huyo anayelizwa pesa zake na anayevuta sumu huku akijua yuko kazini.

Kuna Mtanzania mmoja aliyegoma kunyamaza, na nina wasiwasi wanafizikia wa Ulaya wanamjua kuliko sisi. Anaitwa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, kule Lushoto, Tanga. Pale wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Utaratibu ni kwamba unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Sasa nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake akaona kuchemsha ni kupoteza muda, akakoroga sukari kwenye maziwa ambayo hayajachemshwa, huyo, kawahi. Mpemba alikuwa keshachemsha ya kwake. Akaona akisubiri yapoe atakosa nafasi, akayatumbukiza yakiwa ya moto.

Kama saa moja na nusu baadaye akaenda kuangalia. Ya kwake yameganda. Ya mwenzake bado kimiminika kizito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia: kwa nini? Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, kitu hicho hakiwezekani. Wengi wetu tungeishia hapo, mwalimu kasema bwana. Yeye aliliweka swali kiporo. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, akamwambia kwamba wao huwa wanaweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Yaani wauza aiskrimu wanajua, darasani hakijulikani!

Akaenda kusoma kidato cha tano Mkwawa, Iringa. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia nzima. Ikawa utani wa darasa: akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Jamaa akangoja maabara ya baiolojia iwe wazi, akachukua bika mbili, moja maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Hapo ndipo namvulia kofia. Hakubishana na mtu, alienda kuangalia.

Siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri wa fizikia Dk. Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Ulipofika wakati wa maswali Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi sawa, friji moja, mbona yale ya 100 yanawahi kuganda? Wenzake wakacheka na baadaye wakamsema kwamba kawaaibisha. Osborne naye aliona ni jambo gumu kuliamini, lakini aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar akamwagiza msaidizi wa maabara apime. Msaidizi akarudi na habari kwamba maji ya moto yamewahi kweli, ila akaahidi kuendelea kurudia mpaka jibu lililo sahihi lipatikane, hahaha! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education. Mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe alikwenda kusomea wanyamapori pale Mweka.

Sasa jibu ni lipi? Ukweli ni kwamba hakuna jibu moja. Wapo wanaosema maji ya moto hupungua kwa kupotea kama mvuke, kwa hiyo yanabaki machache ya kugandisha. Wengine wanasema chombo cha moto kinayeyusha barafu iliyo chini yake, kikakaa vizuri kwenye ubaridi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, wakapima kwa uangalifu mkubwa wakasema hawajaona ushahidi wa maana kwamba linatokea, na kwamba kipimajoto kikisogea kidogo tu kinaweza kukudanganya. Kwa hiyo Mpemba alikosea? Kwangu mimi hilo halimpunguzii kitu. Zaidi ya miaka 50 baadaye watu wenye digrii bado wanaweka maji kwenye friji kwa sababu ya swali la mwanafunzi wa Lushoto.

Haya, turudi kwetu, maana huku maswali tunayoona aibu kuyauliza yana gharama kuliko aiskrimu.

Mnaikumbuka DECI? Watu walipanda "mbegu" za pesa wakisubiri kuvuna nyingi zaidi. Swali la mtoto lilikuwa moja tu: hiyo pesa ya ziada inatoka wapi? Kama hakuna duka, hakuna shamba, hakuna mgodi, basi inatoka mfukoni mwa aliyeingia nyuma yako, na watu wakiacha kuingia imekula kwenu. Serikali iliisimamisha 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Wengi waliopanda walikuwa watu wazima wenye akili zao. Waliona noma tu kuuliza.

Geuza swali hilo sasa: inaenda wapi? Nenda mwalo wowote wa wachimbaji wadogo. Mawe yamesagwa, udongo umeoshwa, mtu anamimina zebaki kwenye karai, anakoroga kwa mikono mitupu. Zebaki inaidaka dhahabu, vinakuwa kidonge kimoja, anakikamua kwa kitambaa, anakichoma. Dhahabu inabaki. Muulize zebaki iko wapi, atakwambia imeisha.

Haijaisha. Zebaki haiungui ikawa majivu. Inageuka mvuke usioonekana, na aliyeinama juu ya moto ndiye wa kwanza kuuvuta. Unaingia kwenye mapafu, unakwenda kwenye damu na ubongo. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapaa, kumbukumbu inapotea, hasira zisizo na sababu. Mama mjamzito unamfikia mpaka mtoto tumboni. Mwingine unapoa, unatua kwenye mabati, kwenye udongo, kwenye maji, na ukifika majini vijidudu wanaugeuza kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya kwenye samaki. Kule Minamata, Japani, miaka ya 1950, watu waliona paka wao wakiyumba na kurukaruka kama wendawazimu kabla hawajajua kwamba zebaki ya kiwandani imeingia kwenye samaki. Mkataba wa kimataifa wa zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia 2020.

Na ukishajua inaenda wapi, unaweza kuizuia njiani. Kuna kifaa cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba. Mvuke unapita kwenye bomba, unapozwa kwa maji, unarudi kuwa zebaki unayoweza kutumia tena. Unaokoa mapafu na pesa ya kununulia nyingine.

Swali la mwisho ni lile mtoto anamuuliza babu: zamani mlifanyaje? Hili limewahi kuuokoa mkoa huu. Enzi za mkoloni Shinyanga ilifyekwa miti kwa maelfu ya hekta ili kuua mbung'o. Ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, na vijiji vya miaka ya 1970 vikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere akasema mkoa unageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichokuja kuleta mabadiliko makubwa hakikuwa miche ya kigeni, bali kitu ambacho wazee wa Kisukuma walikuwa nacho siku zote: ngitili. Unafunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, mifugo haiingii, majani yanakua, kiangazi unafungua kwa ajili ya ndama na ng'ombe waliochoka. Chini ya ardhi mizizi na visiki vilikuwa bado hai. Vilihitaji kuachwa tu. Anayekiuka anashughulikiwa na sungusungu na dagashida, wala hakuhitajika askari wa kutoka mjini.

Mradi ulipoanza ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji 833, kwenye Shinyanga ile ya zamani, kabla Simiyu na Geita hazijawa mikoa mwaka 2012. Kuni, dawa, uyoga, asali na nyasi za kuezekea vikarudi karibu na nyumba.