Perege wa Ziwa Chala: Akiisha Hapa, Ameisha Duniani



Tukizuru vikundi vyenu, swali moja halikosi: "Mbona tusilete vifaranga vya samaki wanaokua upesi, tuwamwage ziwani, tupate kitoweo na pesa?" Swali ni la haki, maana njaa haingoji. Lakini kwanza tutazame mambo ya Ziwa Chala.

Ziwa hili liko karibu na Taveta, upande wa mashariki wa mlima Kilimanjaro. Mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati ya maji yake. Ni shimo lililoachwa na volkano. Kuta zake ni miamba mikali, na kina chake kinapita mita 90. Hakuna mto wa kudumu unaoingia wala kutoka. Maji hupita chini kwa chini. Basi samaki wa Chala ni kama mtu wa kisiwani asiye na mashua.

Humo anaishi perege ambaye wanasayansi humwita Oreochromis hunteri. Mwanazuolojia Albert Günther alimwandika mwaka 1889. Asili yake ni Chala tu, hana ziwa lingine. Shirika la IUCN, linaloorodhesha viumbe walio hatarini, limemweka katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Amefikaje hapo?

Kwanza, wageni. Watu waliingiza perege wengine ziwani, kati yao perege wa Korogwe na perege mwenye kifua chekundu. Kwa kuwa kuta ni mikali, sehemu ya maji mafupi ukingoni ni nyembamba. Wageni wakizaana, mwenyeji atahamia wapi?

Pili, uzazi wake. Mama hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na watoto wakiona hatari hukimbilia humo humo. Ulinzi ni mzuri, lakini mayai si mengi. Ukimvua mama huyo, umevua nyumba nzima. Na wavu wa matundu madogo huchukua hata wale ambao hawajazaa.

Jambo hili si geni kwetu Kenya. Wazee wa Ziwa Victoria wanamkumbuka ngege. Nyavu zilikuwa zimeshampunguza, halafu katika miaka ya 1950 wakaingizwa mbuta na perege wa mto Nile. Pesa ya mbuta ilionekana, hatukatai. Lakini ngege alikaribia kwisha katika ziwa kubwa. Alisalia katika maziwa madogo kama Kanyaboli, kule Siaya. Ngege alikuwa na pa kujificha. Perege wa Chala hana Kanyaboli yake.

Tufanyeje basi?

1. Mkitaka kufuga, chimbeni bwawa la kikundi mbali na ziwa na mto, mahali ambapo mvua kubwa haitamwaga samaki nje.

2. Msihamishe samaki hai kutoka maji haya kwenda maji mengine. Kabla ya kununua vifaranga, mwulizeni afisa wa uvuvi ni aina gani inafaa kwenu.

3. Acheni nyavu za matundu madogo. Mkimpata mama mwenye mayai mdomoni, mrudisheni majini polepole.

4. Walio karibu na Chala, ongeeni na jirani wa upande wa Tanzania. Ziwa ni moja. Mkataba wa upande mmoja hauwezi kulilinda.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Samaki asiyejulikana jina ndiye huisha bila mtu kumlilia. Kwa hiyo wafundisheni watoto jina lake.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Ni samaki gani, mti gani au mbegu gani ilikuwepo hapa kwetu zamani, na leo haionekani?
- Ilipotea vipi, na nani alifaidika?
- Kabla ya kuleta kitu kigeni kijijini, ni nani tunapaswa kumwuliza?