Pumzi Fupi, Miguu Mizito (Sehemu ya Pili)

Mama aliyepikia mafiga tangu usichana wake, katika jiko lisilo na dirisha, anapanda kijia cha kuelekea Wundanyi na kikapu cha mboga kichwani. Hajafika nusu ya njia, anatua mzigo na kushika magoti. Akiulizwa, hatataja kifua kwanza. Atasema miguu imekataa.

Hajakosea. Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi moshi wa kuni, sawa na wa sigara, unavyobana njia za hewa polepole. Ugonjwa sugu wa mapafu unaoletwa na moshi huo haukai kifuani tu. Unashuka mapajani.

Mtazame kuku wa kienyeji akiwa chunguni. Paja lake ni jekundu, kidari ni cheupe. Paja hutembea kutwa, kwa hiyo limejaa mitokondria, yaani vijitanuri vya seli vinavyochoma mafuta na sukari kwa oksijeni. Kidari hutumika anaporukia mtini jioni: nguvu nyingi mara moja, kisha kuchoka. Watafiti waliochunguza vipande vya misuli ya mapaja ya wagonjwa hao wa mapafu wamekuta nyuzi nyekundu zimepungua, nyeupe zimeongezeka, na vimeng'enya vya kuchomea kwa oksijeni, kama sitreti sinthasi, vimefifia. Paja limeanza kuwa kidari! Mgonjwa akitembea, laktati, yaani mabaki ya sukari iliyovunjwa bila oksijeni, hupanda mapema, kaboni dioksidi ya kutolewa huongezeka, na mzigo huo unarudi kwenye mapafu yaleyale yaliyolemewa.

Amri za kurekebisha hali hutoka wapi? Nyingi hupitia kimeng'enya kiitwacho AMPK. Msuli ukitumia ATP, akiba yake ya nishati, AMP, yaani masalia ya ATP iliyotumika, hurundikana na kukiamsha kimeng'enya hicho. Nacho hubandika fosfati kwenye protini nyingine: sukari iingie, mafuta yachomwe, ujenzi usiokuwa wa dharura usubiri. Mtu akitembea siku baada ya siku, ujumbe humfikia PGC-1 alfa, msimamizi wa kujenga mitokondria mpya. Kwa wagonjwa hawa, msimamizi huyo mara nyingi amepungua, na anayekaa kitini kwa kuogopa kukosa pumzi humnyima hata ujumbe.

Ndiyo maana mazoezi ni sehemu ya tiba, japo wengi huambiwa wapumzike. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi yanayosimamiwa, kipimo cha kupuliza hewa hubadilika kidogo sana, ilhali mgonjwa hutembea mbali zaidi. Mji wa Voi una njia tambarare za kuanzia, asubuhi kabla ya joto: dakika chache, pumziko, tena dakika chache, kwa ushauri wa daktari. Mlima wa Wundanyi utangoja.