Simu ya koperative: tuanze na mipangilio

Wanamemba wengi wanatuuliza: kwa kuchunga simu ya koperative kwenye intaneti, tuongeze vijiprogramu ao tubadilishe mipangilio tu? Sisi tunasema, muanze na mipangilio. Haimalizi mega.

Kwenye Chrome, mufungue Paramètres, kisha Confidentialité et sécurité. Muhakikishe Navigation sécurisée inafanya kazi, na pale pale muchague kutumia https kila mara. Https inaficha njiani yale munayoandika. Lakini haisemi kama mwenye ukurasa ni mtu wa haki. Mwizi naye anaweza kuwa nayo.

Vijiprogramu je? Chrome ya simu za Android haivipokei. Firefox inavipokea, na uBlock Origin inazuia matangazo, kwa hiyo mega zinadumu kidogo. Hicho kimoja kinatosha. Vingine vingi vinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa munaofungua, hata bei ya muchele munayopatana na mununuzi.

Kode ya siri ya M-Pesa ao Airtel Money, hapo hakuna mipangilio itakayowaokoa kama mweka hazina anaiandika kwenye ukurasa wa uongo. Makuta ya msimu mzima yanaenda. Aiandike tu wakati yeye mwenyewe ameanzisha malipo.