SOMO LA HESABU: UMRI WAKO NI MIAKA MINGAPI?

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja ashike daftari na kalamu. Leo tutajifunza kupata umri wa mtu kwa tarehe aliyozaliwa.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mimi ni mtu mzima, umri wanifaa nini?" Wakufaa sana. Kwa sheria ya Tanzania, mtu hupiga kura akiwa ametimiza miaka 18. Tena, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60. Ukikisia umri wako mbele ya karani, waweza kukosa haki yako.

Haya, andikeni. Hesabu hii ina hatua mbili.

Kwanza: chukua mwaka tulio nao, utoe mwaka wa kuzaliwa.

Pili: tazama kama siku ya kuzaliwa imekwisha kufika mwaka huu. Kama bado, toa 1.

Tuseme mama mmoja wa Karatu alizaliwa tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru wa Tanganyika. Tarehe 1 Juni 2021 aliulizwa umri wake. Toeni:

2021 – 1961 = 60

Je, alikuwa na miaka 60? La! Desemba ilikuwa haijafika. Basi 60 – 1 = 59. Wengi hukosea hapo kwa kusahau hatua ya pili.

Siku ya Uhuru ilikuwa Jumamosi. Je, mwaka uliofuata, tarehe 9 Desemba ilikuwa siku gani? Mwaka una siku 365. Gawanyeni kwa 7: mtapata majuma 52, na siku 1 inabaki. Kwa hiyo siku yako ya kuzaliwa husogea siku moja kila mwaka. Mwaka 1962 ilikuwa Jumapili, na mwaka 1963 Jumatatu. Lakini 1964 ulikuwa mwaka mrefu, Februari ilikuwa na siku 29, basi ikaruka hadi Jumatano.

Na yule asiyejua tarehe yake? Asikate tamaa. Rika lake litamsaidia kidogo, ila rika moja lina watu wa miaka mingi. Na atafute jambo kubwa lililotokea wakati ule.

Tuseme baba mmoja wa Ngorongoro asema, "Nilizaliwa mwaka wa majivu ya Oldoinyo Lengai." Mlima huo ulilipuka kwa nguvu mwaka 1940, tena 1966, tena 2007. Ni upi? Muulizeni jambo la pili. Akisema, "Mama aliniambia kwamba Azimio la Arusha lilipotangazwa, nilikuwa mtoto wa mgongoni," mmeupata. Azimio lilitangazwa Februari 1967, basi alizaliwa 1966. Ongezeni 60: atatimiza miaka 60 katika mwaka 2026. Jambo moja hukuelekeza. Mambo mawili huthibitisha.

Mazoezi ya nyumbani:

1. Kijana alizaliwa 20 Novemba 2002. Siku ya Uchaguzi Mkuu, 28 Oktoba 2020, alikuwa na miaka mingapi? Je, aliweza kupiga kura?

2. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alitimiza miaka 60 mwaka gani?

3. Kaa na mzee wa nyumbani kwako. Muulize mambo mawili ya wakati alipozaliwa, uandike mwaka wake katika daftari.

Majibu: (1) 2020 – 2002 = 18; Novemba haijafika, basi 17. Hakuweza. (2) Mwaka 2019. La tatu mtalisahihisha pamoja na mwalimu wenu darasani.

Andikeni pia tarehe za watoto wenu leo hii, wasije wakasumbuka kesho. Kwaherini.